Mama Ndoo wa Sayari ya Kokoto

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani mliyofundishwa shuleni, na kama humu ndani utamkuta mtu anayefanana na shemeji yako wa wizarani, msalimie tu upite, siye. Mimi naitwa Mama Rukaya. Nina sebule ya kukaa watu wanane, na kila jioni wanakaa thelathini, maana tivii ya Mtaa wa Kokoto mzima iko kwangu, na mtu akija mlangoni mimi siwezi kumwambia pamejaa. Kwa hiyo haya nitakayosema niliyaona mwenyewe, na yale ambayo sikuyaona niliambiwa na mtu aliyekuwa amekaa karibu na aliyeyaona.

Nchi hiyo ilikuwa na filamu. Nchi nyingine zina reli, zina bandari. Hiyo ilikuwa na filamu, inaitwa Wakwetu Angani, na ilikuwa imefika toleo la saba. Ilianza siku Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alipoulizwa na mwandishi mmoja, ni lini serikali itafika vijijini. Mheshimiwa akafikiri, akajibu kwamba vijijini ni karibu mno, huko unaweza kutuma mtu yeyote. Yeye anatazama mbali. Mwezi uliofuata ikaundwa Wizara ya Sayari Nyingine. Mwaka uliofuata wanaanga wetu wakatua kwenye sayari isiyo na barabara, maji wala umeme, wakaipatia vyote kwa dakika mia moja na kumi.

Sayari yenyewe ni mtaa wetu. Mwongozaji wa filamu alizunguka nchi nzima akitafuta mahali ambapo hakuna kiongozi aliyewahi kukanyaga. Alipofika Kokoto akashuka garini, akatazama huku na huku, machozi yakamlengalenga. Akasema, "Hapa sigusi kitu." Diwani wetu alifurahi sana, akachinja mbuzi.

Sasa siku wanapiga picha, jirani yangu Sikudhani alikuwa anapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Sikudhani kazi yake ni kufua. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni, anafua sare za shule, anafua kanzu za maharusi, na wakati mikono inafua mdomo haukai bure. Hakuna aliyemwambia kuna filamu. Akamkuta mtu mzima kavaa bati kifuani, kashika bunduki ya mwanga, kasimama katikati ya njia anaihutubia sayari. Sikudhani akamwambia, "Baba, nipishe, ndoo inanilemea." Shujaa akapisha. Sikudhani akapita. Sekunde nne.

Filamu ilipotoka, taifa likasahau roketi likamkumbuka mama wa ndoo. Bungeni waliokuwa wanataka kusema hawakunyoosha tena mikono. Walisema baba nipishe, ndoo inanilemea. Maharusi wakaandikiwa maneno hayo juu ya keki. Sikudhani mwenyewe aliiona filamu sebuleni kwangu, akasema, "Kumbe ile khanga ilikuwa imechanika nyuma, na nyinyi mnaniona hamsemi."

*

Toleo la saba lilipoisha, wizara ikagundua tatizo. Filamu hata iwe ndefu vipi ina mwisho, na kitu chenye mwisho kinawapa watu nafasi ya kufikiri. Ikaamriwa kwamba kila mtu na kila kitu kilichoonekana kwenye Wakwetu Angani kipate tamthilia yake ya televisheni. Wataalamu waliziita tamthilia tanzu. Sisi sebuleni tuliziita vitoto.

Basi vikazaliwa vitoto. Kulikuwa na kitoto cha mlinzi wa geti la roketi, sehemu arobaini, na kwenye sehemu ya arobaini geti likafunguka. Kulikuwa na Utoto wa Roketi, kuhusu roketi ilipokuwa bado bati la kuezekea. Polisi wakaomba chao, wakapewa Trafiki wa Anga, ambamo askari anajificha nyuma ya mwezi kusubiri vyombo vinavyokwenda kasi. Hicho watu walikisifu kwamba kimeigizwa vizuri, hakionekani kama kuigiza. Wizara ya Mipango walipata kitoto cha kikao. Kikao tu. Wanasayansi wa angani wamekaa mezani na maji ya chupa, wanakubaliana kukutana tena. Msimu wa tatu mmoja akapiga chafya, mtaa mzima ukaongea wiki nzima.

Aliyevijua vyote alikuwa Chande kinyozi. Chande anakumbuka kila sehemu ya kila kitoto kama mama anavyokumbuka siku za kuzaliwa wanawe. Ukienda kunyoa umuulize kisa kimoja, utatoka na nusu ya kichwa.

Na kilichosubiriwa kuliko vyote kilikuwa kitoto cha Mama Ndoo.

Walimwita Sikudhani ajaribiwe. Tulimsindikiza kumi na saba. Wakampa ndoo, wakamwambia apite aseme maneno yale. Akapita, akasema. Jopo likanong'onezana, kisha mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Mama, umejitahidi, ila hufanani vizuri na Mama Ndoo." Nafasi hiyo akapewa Bi Felista, mke wa naibu waziri, mwanamke wa kucha nzuri na roho si mbaya, ambaye ndoo alikuwa anaijua kwa kuiona.

Sikudhani hakununa. Kila Ijumaa alikuwa wa kwanza kukaa kwenye mkeka wangu, na kila Bi Felista akipita na ndoo, alisema, "Ile ndoo haina kitu. Tazameni shingo. Shingo inacheka."

Sehemu ya sita wakazindua bomba. Waziri alikuja kucheza kama waziri, akakata utepe, akatangaza kwamba tangu leo Mama Ndoo ametuliwa ndoo. Lakini Mama Ndoo akitua ndoo tamthilia imekwisha, kwa hiyo alifunguliwa bomba na akaendelea kubeba ndoo. Chande alisema hapo kuna kina kikubwa. Tulipiga makofi hadi jirani wa nyuma akagonga ukuta, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwangu.

*

Jumatano iliyofuata boza halikuja. Boza ni lile lori la maji. Lilikuwa linakuja Kokoto kila Jumatano, na kisima cha bondeni kilikuwa kimekauka tangu mwaka juzi, kwa hiyo lori hilo ndilo maji yetu yote. Jumatano ya pili halikuja. Nyumba ya wageni ikamwambia Sikudhani, mashuka yanakaa wiki mbili yanarudi na harufu, sisi tunakupa mpaka Jumatatu ya mwisho wa mwezi, hapo ama yawe meupe ama tunatafuta mtu mwingine. Nikaenda chumbani kwake nikakuta begi liko wazi kitandani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa kaka yangu, ziwani. Kule kufua unasogea tu."

"Na sisi?"

"Nyinyi si mna tivii."

Alisema anacheka, lakini alikuwa anakunja nguo za sikukuu, na mtu anayerudi hakunji nguo za sikukuu. Nikamwambia funga hilo begi, kesho tunakwenda Idara ya Maji.

Ombi letu la bomba lilikuwa huko mwaka wa nne. Karani alikuwa dada mmoja mwenye miwani, mwenye heshima zake.

"Mtaa gani, mama zangu?"

"Kokoto."

"Kokoto mna maji."

"Hatuna," akasema Sikudhani.

"Mnayo. Sehemu ya sita."

"Dada, ile ni filamu. Sisi tunatoka kule sasa hivi, na hata uso sijanawa, nitazame."

Karani akamtazama kwa huruma. "Mama, eneo la tukio limeandikwa hapa: Mtaa wa Kokoto. Bomba limezinduliwa na waziri mwenyewe. Maji uliyaona yanatoka?"

"Niliyaona, kwenye tivii."

"Sasa kama na wewe uliyaona, tunabishana nini?" Akachukua faili letu, akaligonga muhuri wa LIMETEKELEZWA. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akatuelekeza Kurugenzi ya Kulinda Mtiririko, ghorofa ya tisa, lifti ilikuwa imeonyeshwa kwenye tivii inafanya kazi.

*

Tulipanda ngazi, mimi, Sikudhani na Chande, ambaye alifunga kibanda chake cha kunyolea ili akaione hiyo kurugenzi. Kwake ilikuwa kama hija. Mkurugenzi, Bwana Alfonsi Ndimbwa, alikuwa na kazi moja tu nchini: kuhakikisha kilichosemwa kwenye kitoto kimoja hakipingwi na kitoto kingine, na vyote havipingwi na mtu yeyote. Ukuta wake wote ulikuwa picha na nyuzi za rangi. Kulikuwa na uzi kutoka kwenye mwezi hadi kwa mkwe wa mlinzi wa geti.

"Karibuni," akasema. "Nchi hii, ndugu zangu, ilikuwa na ukweli mwingi mno. Kila mtu na wake. Mmoja anasema kuna sukari, mwingine anasema hakuna, na wote wanatoka duka moja. Serikali ikaona hiyo ni vurugu. Ikachagua ukweli mmoja, nao unatangazwa kila siku saa moja jioni. Maji yakishatoka sehemu ya sita, hayawezi kukosekana hivi hivi bila kisa."

"Basi kiandikwe kisa," akasema Sikudhani. "Bomba limeharibika."

Bwana Ndimbwa akakaa. "Mama, unasema bomba la serikali liharibike?"

"Mabomba yanaharibika, baba."

"Siyo aliyozindua waziri."

Mimi nikaanza kutafuta kandambili zangu kwa miguu chini ya kiti, nikijua tumeshindwa. Ndipo Chande akakohoa.

"Mzee, na Bwana Kiza je?"

Kwa mgeni wa habari hizi: Bwana Kiza ni adui wa sayari zote, mtu wa koti jeusi na sufuria la chuma kichwani, ambaye kila toleo huja kuharibu kitu. Serikali yenyewe haiharibu. Kwa hiyo nchini kitu chochote kikiharibika, lazima awe yeye.

Uso wa Bwana Ndimbwa ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyepata mwenzake wa kuongea naye. Akafungua kitabu kinene. "Kifungu cha tisa. Kiza anaweza kuiba, kukata, kuziba na kukausha. Serikali itarudisha papo hapo, na kurudisha huko kuonekane."

"Kuonekane vipi?" Sikudhani akauliza.

"Kwa karibu. Picha ya maji yenyewe yakitoka."

"Maji ya kweli?"

"Ya kweli. Sehemu ya sita tulitumia kitambaa cha satini. Mheshimiwa Mlezi akapiga simu kuuliza mbona maji yamekunjika."

Ndivyo ilivyopatikana sehemu ya kumi, Kiza Anakunywa Sayari. Ikapangwa irushwe moja kwa moja kutoka Kokoto, Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi.

*

Mafundi wakaja. Bomba lililosubiri upembuzi miaka minne lilichimbiwa kutoka barabara kuu kwa siku tatu, na siku ya tatu walipumzika. Tukaanza kusherehekea, hadi tuliposoma karatasi ya injinia. Iliandikwa: maji yafunguliwe mwongozaji akisema anza; maji yafungwe akisema kata; bomba ling'olewe, lirudishwe stoo, kwa kuwa ni mali ya uigizaji.

"Kwa hiyo tunapata maji ya dakika ngapi?" nikamuuliza.

"Inategemea Bi Felista atatembea vipi," akasema. "Hatua kumi."

Sikudhani aliisoma ile karatasi mara mbili, akamrudishia. Nyuma ya mlango wake begi lilikuwa limeshafungwa, na basi la kwenda ziwani linaondoka Jumatatu asubuhi. Yeye kwenye tamthilia alikuwa amepewa nafasi, maana mwongozaji alitaka sura za sayari. Mkataba wake ulisema: Mkaazi wa Tatu, asiyesema.

Jumapili Kokoto nzima ilijipanga kwa mavazi ya anga, sufuria kichwani, karatasi za kung'aa mabegani. Tuliambiwa tuonekane na furaha. Bwana Kiza alikuja, akayanywa maji yetu kwa mrija, akapigwa na mwanaanga, akaanguka vizuri kabisa kwenye vumbi, akakunjwa akatolewa. Halafu Bi Felista akasogea kwenye bomba, akasema, "Wakwetu, Kiza ameshindwa," akafungua.

Mimi nina miaka hamsini na miwili na sijawahi kusikia sauti kama ile. Maji yaligonga ndoo kama ngoma. Mtu nyuma yangu alilia, na hakuwa kwenye orodha ya watakaolia.

Ndoo ikajaa, lita ishirini. Andiko lilisema: Mama Ndoo anajitwika, anatembea hatua kumi, anamshukuru Mlezi. Bi Felista akainama, akashika, akavuta. Ndoo haikujua kama iko kwenye tivii. Akavuta tena. Ukucha mmoja ukaruka, ukaanguka mbele ya kamera. Sehemu tisa mwanamke yule alikuwa amebeba ndoo tupu, na hakuna aliyewahi kumwambia maji yana uzito.

Mwongozaji alitaka kukata. Bwana Ndimbwa akamshika mkono, nilimsikia kwa masikio yangu. "Ukikata hapa, Mama Ndoo ameshindwa. Mama Ndoo ni taifa. Utaniambia taifa limeshindwa sehemu ya ngapi?"

Kwa hiyo haikukatwa, na bomba likaendelea kumwaga. Wakaazi wa sayari tukaona tusimame bure kwa nini. Tukaanza kupitisha madumu kwa nyuma, tukionekana na furaha.

Kwetu, ndoo ikijaa, mtu hajitwiki peke yake. Yeyote aliye karibu anakutwisha, hata kama jana mlitukanana. Mnatwishana kwanza, matusi mtaendelea mkifika. Aliyekuwa karibu na Bi Felista ni Mkaazi wa Tatu, na Mkaazi wa Tatu alikuwa amekunja mikono.

"Dada yangu," akanong'ona Bi Felista, na kwa kuwa alikuwa na kipaza sauti kifuani taifa zima likasikia, "nitwishe."

Sikudhani akagusa midomo yake kwa kidole, akatikisa kichwa: mimi siruhusiwi kusema. Bwana Ndimbwa, jasho likimtiririka, akaandika ubaoni SEMA, akamnyooshea.

"Nikikutwisha leo," Sikudhani akasema taratibu, "kesho utatwishwa na nani?"

"Kesho?" Bi Felista akamtazama mwongozaji. Kwenye andiko kesho haikuwemo.

"Kesho, mama. Ukija kuchota. Maji utayakuta?"

"Si nitayakuta? Bomba si hili hapa."

"Hata Jumatatu?"

"Hata Jumatatu."

"Na kiangazi?"

"Jamani, dada," akasema Bi Felista, na hapo hakuwa mwigizaji tena, alikuwa mwanamke ameinama muda mrefu, "na kiangazi, na masika, usiku na mchana, bomba hili halifungwi. Nitwishe, kiuno kinakatika."

Sikudhani akavua khanga ya begani, akaizungusha ikawa ngata, akamwekea kichwani kama anamvisha bibi harusi. "Haya. Usitazame chini. Shingo iwe kama umesikia jina lako linaitwa. Moja, mbili, pandisha."

Ikapanda. Bi Felista akayumba, maji yakammwagikia usoni, yakaingia kifuani, akapiga kelele, kisha akaanza kucheka, na akatembea akicheka, hatua moja, mbili, Kokoto nzima tukimhesabia kwa sauti. Tulipofika kumi hakusimama. Alienda hadi ishirini na tatu, mpaka kwenye kizingiti cha Sikudhani, akatua, akasahau Mlezi kabisa, akasema, "Asante, shoga."

"Kata," akasema mwongozaji.

Injinia akainama na spana yake. Bwana Ndimbwa akakanyaga ile spana kwa kiatu.

"Hukusikia alichosema?"

"Nimesikia, mzee, lakini karatasi yangu inasema nifunge."

"Karatasi yako imeonyeshwa kwenye tivii?"

Injinia akafikiri. Akairudisha spana mfukoni, akaomba maji ya kunywa.

*

Bomba halijafungwa tangu siku hiyo, na nikisema halijafungwa namaanisha halijafungwa. Ametumwa askari wa Kurugenzi kuzuia mtu yeyote asilifunge, hata kwa kulionea huruma. Maji yanayozidi tumeyachimbia mfereji, pembeni tumepanda mchicha. Jumatatu ile basi la ziwani liliondoka na kiti kimoja kitupu. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yameanikwa kutoka kwa Sikudhani hadi kwa Chande, meupe, mtaa mzima tukipita chini yake kwa kuinama, na Sikudhani akitukemea wote kwa majina tusiyaguse. Bi Felista anakuja Jumamosi. Anasema amekuja kufanya utafiti wa nafasi yake, lakini anakuja na dumu.

Mambo haya yakasambaa, kama mnavyojua watu hawana siri, na mimi ndiye niliyewaambia. Wiki iliyofuata Kurugenzi ilipokea barua kutoka mitaa kumi na minne, yote ikiomba ivamiwe na Bwana Kiza. Mtaa mmoja wanataka awavunjie daraja ambalo halipo. Shule moja wanaomba awaibie madawati, wanafunzi watayaelezea jinsi yalivyokuwa. Chande anawaandikia barua, kwa sababu anajua vifungu, na vichwa vingi hapa mjini siku hizi vimenyolewa upande mmoja.

Bwana Kiza mwenyewe, ukimvua lile sufuria, ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mpole, anakaa peke yake nyuma ya soko. Ananiambia katika maisha yake yote hajawahi kupendwa hivi. Juzi kina mama wa Mtaa wa Zahanati walimpelekea pilau, wakaketi naye hadi akamaliza, kisha wakamwomba kwa adabu, kama ana nafasi, awaangamize kabla ya mvua.